Jiwe la Nani? Watoto Wetu na Makaburi ya Vita



Mwezi uliopita niliwapeleka watoto wa Shule ya Jumapili kwenye makaburi ya vita hapa Voi. Baada ya ibada mama mmoja akanivuta kando: "Pasta, kwani siku hizi tunaombea wafu?" Swali lake si la kudharau. Nilimjibu juu juu, nikaona nimalizie hapa.

Hatukuombea wafu. Tulisoma majina. Katika Yoshua 4 Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya Yordani, yasimamishwe Gilgali, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe. Hakuna aliyeyasujudia. Yaliwekwa ili mtoto aulize.

Basi wetu wakauliza! Niliwaambia Wajerumani waliingia Taveta Agosti 1914, kwamba Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili kupeleka majeshi, na kwamba tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliushambulia mlima Salaita wakarudishwa nyuma, wenzao wengi wakibaki pale. Kijana mmoja akasema, "Na wale waliowabebea chakula na risasi, wamezikwa wapi?" Nikajibu, "Wako kwa Mungu." Watoto wakanyamaza, vile wanavyonyamaza wakijua mtu mzima amekwepa.

Nilikwepa kweli. Sheria ya 1915 iliruhusu serikali kuwachukua wanaume kwa lazima wakabebe mizigo ya jeshi, na 1917 wakachukuliwa wengi zaidi. Ndio wale wa Kariakor, jina ambalo mtaa wa Nairobi unalo hadi leo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mimi nilisomea biashara, daftari nalijua. Wabebaji waliandikwa kwa ajili ya mshahara, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kwa ajili ya kaburi, mtu aliamua hakuna haja ya kuandika. Hiyo si bahati mbaya.

Halafu kuna ndugu zetu wa Kasigau. Mwaka 1915 walishutumiwa kuwasaidia Wajerumani, vijiji vyao vikachomwa, wakahamishiwa upande wa Malindi, na wengi walifia huko. Hao hawakuwa wanajeshi. Wakumbukwe pia?

Nasema ndiyo, ila bila kupamba. Ukimwambia mtoto kwamba wote walikuwa mashujaa waliojitolea kwa hiari, umemdanganya. Siku atakayoujua ukweli atajiuliza pia kama tulimwambia kweli kuhusu Yesu. Mwambie wengine walilazimishwa. Mwambie vita ilikuwa ya wakubwa wa mbali, na hata upande wa Wajerumani wengi waliopigana walikuwa Waafrika.

Turudi Gilgali kidogo. Kabila la Reubeni na la Gadi walikuwa wameshapewa nchi yao ng'ambo ile. Walivuka kupigania ardhi ambayo haingekuwa yao. Hata hivyo mawe yalihesabiwa kumi na mawili, kila kabila na lake. Hapo ndipo mimi nimesimama.

Jumapili iliyofuata niliwaomba watoto msamaha, nikawapa kazi: waulize nyumbani kama kuna mtu wa ukoo aliyechukuliwa kwenye vita ile au aliyepelekwa Malindi asirudi. Wazazi, msichoke kuulizwa. Mpigieni simu babu kule mlimani.

Kufikia sasa daftari letu lina majina manne. Mstari wa tano msichana mmoja ameandika tu, "Kaka ya mama yake nyanya. Jina nyanya analitafuta."