Je, Mzaha Huondoa Dhambi?

Kila mwaka ifikapo Desemba, njia za kupanda Kibosho, Marangu na Rombo hujaa magari ya wenyeji warudio nyumbani kwa Noeli. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini vijana walio likizoni, simu mikononi, huzigeuza siku hizo kuwa mizani: nani amekuja na gari gani, nani amevaa nini, nyumba ya nani bado ni ya mbao. Binti aliyelivaa tena gauni la mwaka jana hupigwa picha kwa siri. Picha huandikwa maneno ya kuchekesha, ikafanywa stika ya WhatsApp, na kabla ya jioni kijiji kizima kimekwisha kucheka. Akilia, huambiwa: “Tulikuwa tunatania tu.”

Jibu hilo yafaa tulipime. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kama dhihaka yaweza kuwa dhambi ya mauti. Alikubali kwamba kuchekea kasoro ndogo ni kosa jepesi. Lakini alifundisha ya kuwa mwenye kutukana angalau huyaona mabaya ya mwenzake kuwa jambo zito, na mwenye kudhihaki huyafanya mchezo. Kwa hiyo humdharau zaidi. Basi mzaha hauondoi dhambi. Mara nyingine huiongeza.

Wala tusiusingizie utani. Wachagga na Wapare ni watani tangu zamani, na kila mmoja ajua sheria yake: mtani hukutania usoni pako, nawe una haki ya kumjibu, na siku ya msiba huyo huyo huja kukusaidia. Je, yule aliyeituma picha ya binti alimtazama usoni? Je, atakwenda kumfuta machozi? Kama sivyo, asijiite mtani.

Chanzo cha ubaya huu ki wapi? Tomaso huyo huyo asema kijicho ni huzuni kwa heri ya mwenzako, ukidhani yakupunguzia sifa. Nasi twaona kwamba dhihaka ni ndugu yake: ni furaha kwa aibu ya mwenzako, ukidhani yakuongezea sifa. Zote mbili zatoka katika mizani ile ile. Na mizani hiyo, enyi wazazi, vijana hawakuitunga wao. Waliisikia mezani, siku ile ile ya Noeli, baba alipouliza mtoto wa jirani amejenga wapi, na kwa nini wa kwake hajajenga.

Serikali imeweka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 chamtisha amwoneaye mwenzake kwa simu au kompyuta kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni vema kijana aijue. Lakini sheria humwadhibu mkosaji; haimrudishii binti jina lake.

Hapo ndipo Kanisa hudai zaidi. Amri ya Nane yatufundisha kwamba aliyeharibu jina la mwenzake hana budi kulitengeneza, hata kama amekwisha kusamehewa. Kwa hiyo haitoshi kuungama kwa padre na kuifuta picha kimya kimya. Kijana na aandike katika kikundi kile kile, mbele ya wale wale waliocheka, kwamba alikosa. Kisha aende kwa binti kwa miguu yake. Na yule aliyecheka tu na kuwapelekea wengine, asijihesabu mtazamaji: mikono iliyoipitisha picha ndiyo iliyoifikisha.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wazazi, kabla ya kuzikagua simu za watoto wenu, yakagueni kwanza mazungumzo ya meza yenu.