Nani Alipigwa Mtama?

Kiingereza kina kitenzi "supplant". Kamusi nyingi hukieleza kwa upole: kuchukua nafasi ya mtu au kitu kingine. Bati limechukua nafasi ya makuti, simu imechukua nafasi ya barua, na hakuna aliyeanguka. Lakini asili yake ni Kilatini, na huko ndani ya neno kuna mguu. "Sub" ni chini, "planta" ni unyayo. Maana ya kwanza ya "supplantare" ilikuwa kumpiga mtu mtama.

Cicero alilitumia hivyo mwaka 44 KK, katika kitabu kuhusu wajibu alichomwandikia mwanawe Marcus, aliyekuwa akisoma Athene. Anamtaja mwanafalsafa Chrysippus: mkimbiaji ana haki ya kujitahidi kwa nguvu zote ili ashinde, ila asimpige mtama anayeshindana naye, wala asimsukume kwa mkono. Naupenda mfano huu kwa sababu hauoni haya kutaka ushindi. Sisi tumehubiriwa mno kwamba kutaka kupanda ndiyo dhambi yenyewe.

Katika Mwanzo 27, Esau analalamika kwamba Yakobo amemfanyia hila mara mbili. Biblia ya Kilatini ilitumia kitenzi hiki hiki, na ile ya Kiingereza ya 1611 ikafuata. Jina Yakobo linahusishwa na neno la Kiebrania la kisigino. Alizaliwa amekishika cha kaka yake. Hata hivyo, ile mara ya kwanza Esau aliiuza mwenyewe haki yake kwa chakula cha dengu. Aliyeanguka naye ana namna yake ya kusimulia.

Kinachonisumbua mimi ni mtu wa tatu: yule asiyempiga mtama mtu yeyote, lakini anakuta njia iko wazi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja aliyeondolewa kwa fitina za ofisini. Sikuwahi kumwona. Niliomba kazi kama wengine, nikaitwa kwenye usaili. Siku ya kwanza wenzangu walinikaribisha wakisema nimekuja "kuziba pengo", kana kwamba pengo lilijichimba lenyewe.

Sidhani nilipaswa kumrudishia kiti. Nadhani nilidaiwa kuuliza alianguka vipi. Nikauliza, wiki ya pili. Niliyemuuliza aliinuka kwanza akafunga mlango.