Mchicha wa Bondeni

Mtu auzaye maziwa yaliyotiwa maji ni mwongo, na kila mtu ajua hivyo. Lakini twasemaje juu yake yeye auzaye mchicha mbichi, uliochumwa alfajiri, nao umebeba sumu asiyoiona yeye wala mnunuzi?

Wasomaji wetu wasidhani swali hili ni la kubuni. Mwaka 1999 wataalamu wa kemia wa Dar es Salaam walitangaza matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, ipokeayo maji machafu ya viwanda na ya majumba. Walikuta humo risasi na kadimiamu, na katika baadhi ya mboga hizo madini yalipita kiasi kinachoruhusiwa.

Mmea hauna akili ya kukataa. Mizizi hutafuta zinki na chuma, ambavyo mmea wavihitaji. Kadimiamu, kwa kuwa yafanana na zinki, huingia kwa mlango uleule na kupanda hata majanini. Risasi hukwama zaidi udongoni na mizizini, ila vumbi lake hulala juu ya majani. Kwa hiyo kuosha vema hupunguza risasi, lakini hakuiondoi kadimiamu iliyo ndani. Wala moto wa jikoni hauiharibu. Ikishaingia mwilini, hukaa katika figo miaka 10 na zaidi. Hata petroli yenye risasi, iliyokomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, iliacha risasi yake katika udongo wa kando ya barabara, nayo haikuondoka kwa amri.

Je, mkulima wa bondeni ana hatia? Asiyejua hana. Tusiwe wepesi kumhukumu mama mwenye matuta matatu, ambayo ndiyo daftari na sare za watoto wake. Aliyemwaga taka mtoni alijua, au alipaswa kujua. Hatia ya kwanza ni yake, na mwenye mamlaka anyamazaye hayuko mbali naye. Kumfukuza mkulima pasipo kumpa mahali pengine ni kuhamisha njaa tu.

Walakini ujinga ukiondoka, udhuru nao huondoka. Mkulima aliyekwisha kuambiwa, kisha akaendelea kuuza mchicha huo huku nyumbani kwake akipika wa shamba jingine, amejihukumu mwenyewe. Yako awezayo kufanya: apande bamia au nyanya, maana kwa kawaida matunda hubeba madini haya kidogo kuliko majani, atie chokaa katika udongo wenye uchachu.

Na sisi wanunuzi? Twapenda fungu kubwa kwa bei ndogo, wala hatuulizi limetoka wapi. (Tungeuliza kama lingekuwa kitambaa.) Kupima udongo kwawezekana, ila kwahitaji fedha, nasi hatuoni sababu ya kumtwika gharama hiyo mwenye matuta matatu.