Nani Anamcheka Baba?

Somo: Mwanzo 9:20-23

Yesu Kristo alituvusha Mpondwe na kutufikisha hapa Munkunyu tukiwa hai.

Mama mmoja wa kanisa aliniuliza kama ni dhambi watoto kutazama ile katuni ya Marekani ya watu wa rangi ya manjano, ambamo baba ni mjinga na mtoto humjibu atakavyo. Wengine wameipata katika simu. Watoto wa ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanaikuta huko kwenye televisheni.

Katuni hiyo ni The Simpsons. Ilianza kama kipindi kamili tarehe 17 Desemba 1989, na mpaka leo inaendelea. Baba, Homer, anafanya kazi katika kiwanda cha umeme wa nyuklia, anapenda bia na husinzia kanisani. Hata mchungaji wao anachekwa (hapo nami nilijikuna kichwa). Januari 1992 rais wa wakati ule, George Bush mzee, aliwaambia watangazaji Wakristo kwamba anataka jamaa za Marekani zifanane zaidi na akina Walton kuliko akina Simpson. Akina Walton walikuwa jamaa ya kipindi kingine cha zamani, watu wa kijijini waliopendana katika dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930. Siku chache baadaye katuni ikamjibu: mtoto Bart akasema wao pia wanaomba dhiki ya uchumi iishe.

Rais alikuwa na sababu ya kuhangaika, lakini nadhani hakutazama vizuri. Mwaka uleule walionyesha kisa cha Homer kukataa kwenda ibadani. Ni asubuhi ya baridi kali. Mke na watoto wanakwenda, yeye anabaki kwenye joto, anakula na kujiona mwerevu kuliko wote. Baadaye analala na sigara mkononi, nyumba inashika moto. Anayeingia kumvuta nje ni Ned Flanders, jirani mcha Mungu ambaye Homer humdharau kila siku. Mwishoni Homer yuko kanisani tena, kiti cha mbele, anakoroma! Wahubiri wengi hatujapata mfano mzuri hivyo.

Tena aliyeibuni, Matt Groening, aliwapa watu wake majina ya nyumbani kwao: baba yake aliitwa Homer, mama yake Margaret, dada zake Lisa na Maggie. Alicheka akiwa ndani ya nyumba. Nathani naye alimpelekea Daudi hadithi ya mwana-kondoo, Daudi akamkasirikia mtu wa hadithi mpaka aliposikia kwamba mtu huyo ni yeye (2 Samweli 12).

Hamu alifanya vingine. Nuhu alilewa kweli, Biblia haifichi. Lakini Hamu aliona uchi wa baba yake, akatoka nje kuwaeleza wengine. Shemu na Yafethi walichukua vazi mabegani, wakaenda kinyumenyume wasimtazame.

Sasa turudi kwetu. Baba aliyekuwa na shamba la kakao kule Beni leo anasimama kwenye mstari wa chakula. Na majirani tunasikilizana, kwa maana Kinande na Lukonzo ni ndugu, lakini ofisini ni Kiingereza. Mtoto amejifunza kidogo shuleni, kwa hiyo yeye ndiye mkalimani. Baba anakosea neno, karani anatabasamu, mtoto anacheka pamoja na karani. Jioni habari imefika bombani, na vijana wanaigiza sauti ya mzee yule. Nimewaona wababa walioacha kabisa kusema mbele ya watoto wao.

Homer akichekwa, bado ana nyumba, gari na mshahara. Baba yetu amebakiwa na jina la baba tu. Amri ya Kutoka 20:12 haikutaja shamba wala Kiingereza. Nanyi wababa, Waefeso 6:4 ni yenu: mtoto aliyecheka ofisini asikutane na fimbo mlangoni. Mzee anayeweza kusimulia kosa lake mwenyewe wakati wa kula, wote wakacheka naye, huyo hana cha kuogopa bombani.

Basi mama, usiwafukuze kwenye simu. Kaa nao, utazame, kisha uwaulize wamemwona nani wa nyumba yenu pale. Jibu linaweza kukuuma kidogo.

Na ninyi vijana mnaojua Kiingereza: ukimtafsiria baba, sema alichosema yeye, mpaka mwisho. Akikosea, mrekebishe njiani mkirudi, wawili tu. Vijana watatu wamekubali kukaa na wazee kanisani kila Alhamisi, saa kumi alasiri, kuwafundisha maneno ya ofisini. Wababa, njooni na daftari na kalamu.