Deni Lina Mwisho?

Mtu anayedaiwa hupita njia za uani. Mwaka jana, katika soko la Korogwe, nilimwona mwalimu mwenzangu wa zamani, tuliyefundisha naye chuo cha ualimu, akijifanya kuchagua sufuria ili tusikutane. Nilikuwa nimemkopesha shilingi laki nane, akomboe kadi yake ya benki iliyoshikwa na watu wa mikopo ya kausha damu.

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi, wala sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi, na asiye na dawa je?

Sheria zimejaribu kumjibu. Sheria ya kufilisika tuliyoachiwa na Waingereza, ya mwaka 1930, ilimtaka muflisi aiombe mahakama imwachilie. Uingereza yenyewe, tangu 2004, humwachilia baada ya mwaka mmoja kwa kawaida. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2015: muflisi hutoka kifungoni mwa madeni baada ya miaka mitatu, na mnyonge asiye na mali, mwenye deni la shilingi 100,000 hadi 4,000,000 za huko, aweza kufutiwa baada ya miezi kumi na miwili, lakini mara moja tu. Torati ilikwisha kuweka mwaka wa saba.

Kwetu, sheria ya mashauri ya madai ya mwaka 1966 humlinda mkulima asinyang'anywe jembe wala mbegu. Hapo naivulia kofia. Lakini sheria hiyo hiyo yaruhusu mdaiwa afungwe hadi miezi sita, na anayemdai ndiye alipe gharama ya chakula chake gerezani. Akitoka, deni lipo pale pale. Yaani umlishe mtu ili asipate kufanya kazi ya kukulipa!

Basi nisiseme sana kuhusu huruma. Benki ikisamehe, hasara ilikwisha kuihesabu katika riba. Lakini mjane wa Handeni aliyemwachia mchuuzi magunia ya mahindi kwa ahadi hakuhesabu riba yoyote. Mchuuzi akiwekwa huru baada ya mwaka, karo ya watoto wa mjane italipwa na nani? Swali hili limeninyima usingizi, maana mimi mwenyewe si benki, na laki nane zile zilitoka katika kiinua mgongo changu.

Baadaye tulifiwa huko Handeni, na marehemu alikuwa shemeji yake yule mwalimu. Mazishini hakuonekana. Watu walininong'oneza kwamba ananiogopa mimi. Niliona haya kuliko siku yoyote niliyowahi kudaiwa.

Kabla ya arobaini nilimpelekea ujumbe: deni limesimama mpaka mavuno. Sikuandika kwamba nimelisamehe. Alikuja, akaketi mkekani karibu na mlango, nami nikamsogezea sahani ya wali.