Disketi na Dhamana ya Kumbukumbu

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lenyewe likikosa wa kulisoma?

Hapa Gisenyi, mjini Rubavu, jirani na Goma, wamo kati yetu sisi walimu wanaozikumbuka disketi kwa mapenzi. Ile ya inchi 3.5 ilibeba megabaiti 1.44 tu. Mitihani ya mwaka mzima iliingia, ilhali picha moja ya simu ya leo mara nyingi haienei humo. Ufinyu huo ulitufunza kuchagua lililostahili kuwekwa. Hicho ndicho tunachokitamani, wala si plastiki.

Walakini mapenzi peke yake hayahifadhi kitu. Sony ilikoma kuziuza disketi nchini Japani mwaka 2011; sumaku hufifia, na kompyuta mpya hazina tundu la kuzisomea. Azifungiaye sandukuni kwa heshima, asinakili yaliyomo, ametunza ganda akapoteza kiini.

Kiswahili chetu chatupa funzo. Kilivuka mpaka huu midomoni mwa wachuuzi, kila kizazi kikikipokea na kukikabidhi, hata mwaka 2017 Rwanda ikakifanya lugha rasmi. Hakikudumu kwa kufungiwa, bali kwa kupokezanwa.

Basi tusikililie chombo. Maadamu ingalipo mashine iwezayo kusoma, tuyahamishe yaliyomo, tena kwa kuchagua. Kwani nafasi imeongezeka, lakini muda wa mwanafunzi haukuongezeka. Kumbukumbu ni amana ya wajao, si pambo letu.