Dhahiri na Majazi katika Maandiko ya Manasara: Mizani ya Mwenye Kufasiri

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu ulimi wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha watu wa dini tangu zamani ni hili: neno likiwa limeandikwa katika kitabu kinachotukuzwa, je, lichukuliwe kwa dhahiri yake, au lifasiriwe kuwa ni mfano wa jambo jingine? Wengi hudhani kuwa hili ni swali la nahau tu, lawahusu wanavyuoni na vitabu vyao. Lakini mwenye kufasiri ni kama mwenye kupima dukani. Akiwa na jiwe moja la kununulia na jiwe jingine la kuuzia, basi hata mizani yake ikiwa nzima, yeye ni mwizi. Kwa hivyo swali hili ni la uadilifu kabla ya kuwa la lugha. Na Manasara wa kale walikhitilafiana sana katika jambo hili, na katika khitilafu yao mna mazingatio kwa kila mwenye kitabu.

Kwanza yafaa kujua maana ya maneno matatu. Hakika ni neno kutumika kwa maana yake ya asili. Majazi ni neno kuhamishwa kutoka maana hiyo kwenda maana nyingine, kwa mnasaba uliopo baina ya maana mbili hizo. Na karina ni dalili inayojulisha ya kuwa neno limehamishwa. Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekufa mwaka wa 204 wa Hijra (820 miladi), ameeleza katika Ar-Risala ya kuwa Waarabu hunena neno lenye dhahiri, na mfuatano wa maneno ukajulisha kuwa makusudio si dhahiri ile. Na katika mifano yake ni wana wa Nabii Yaakub walipomwambia baba yao auulize mji waliokuwamo. Hapana asiyejua kuwa kuta haziulizwi, huulizwa wenyeji. Naye Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 505 wa Hijra (1111 miladi), ameweka sharti ya kuwa dhahiri haiachwi ila kwa hoja ya yakini inayoonyesha kuwa dhahiri ile haiwezekani.

Sasa itazamwe khabari ya Manasara. Katika mji wa Iskandaria, nchi ya Misri, karne ya tatu ya miladi, alisomesha mwanachuoni wao aliyeitwa Origen. Yeye alisema ya kuwa maandiko yana mwili na nafsi na roho kama mwanadamu alivyo navyo. Mwili wa maandiko ni dhahiri yake, na roho yake ni siri iliyofichikana. Akaonyesha kuwa katika mwanzo wa Taurati zatajwa asubuhi na jioni katika siku tatu za kwanza, na jua halikuumbwa ila siku ya nne. Akaonyesha pia kuwa katika Injili yatajwa mlima ambao mtu akiwa juu yake aliona falme zote za dunia, na jicho la nyama haliwezi hayo. Kwake yeye mambo haya ni kama vikwazo vilivyowekwa njiani kwa makusudi, ili msomaji ajikwae, asimame, atafute maana iliyo ndani zaidi.

Wanavyuoni wa Antiokia, nchi ya Shamu, walikataa kwenda mbali hivyo. Wakubwa wao katika jambo hili walikuwa Diodore wa Tarsus na mwanafunzi wake Theodore wa Mopsuestia, aliyekufa mwaka wa 428. Wapinzani wao walishika hoja ya Paulo, ambaye katika waraka wake kwa Wagalatia aliifanya khabari ya Sara na Hajiri kuwa mfano wa maagano mawili. Theodore akajibu ya kuwa Paulo hakuibatilisha khabari yenyewe. Aliithubutisha kuwa ilitokea, kisha akatoa mfano kwayo. Ama mwenye kusema kuwa Adamu si Adamu na bustani si bustani, huyo amekata mti naye bado ataka kivuli chake.

Na la ajabu ni kuwa katika baraza la maaskofu lililokutana Constantinople mwaka wa 553, Theodore alilaaniwa, na jina la Origen likatiwa katika orodha ya waliolaaniwa, nao wote wawili wamekwisha kufa zamani. Walihukumiwa kwa mambo ya itikadi, wala si kwa njia zao za kufasiri peke yake. Lakini latosha hilo kumjulisha mtu kuwa aliyeshika dhahiri hakusalimika kwa dhahiri yake, wala aliyeshika taawili hakusalimika kwa taawili yake. Basi swali lenye faida si kuuliza ni ipi iliyo bora katika njia mbili hizi. Swali ni hili: kitu gani kilichomfanya mtu huyu aiache dhahiri hapa na kuishika pale? Je, ni karina, au ni nafsi yake?

Itazamwe khabari moja ya Injili, ya tajiri aliyeambiwa auze mali yake awape maskini. Clement wa Iskandaria, aliyekuwa kabla ya Origen, aliandika kitabu kizima juu ya tajiri huyo. Akafasiri kuwa mtu hakuamrishwa kutupa mali aliyo nayo mkononi. Ameamrishwa kung'oa moyoni mwake pupa na mapenzi ya mali. Na taawili hii si ya kipuuzi, kwani Clement alihoji kuwa watu wote wakitupa mali zao hapatabaki mwenye kumlisha mwenye njaa. Kisha, katika karne hiyo hiyo ya tatu, kijana mmoja wa Misri aliyeitwa Antony aliingia kanisani akasikia maneno yale yakisomwa. Akatoka, akawapa wanakijiji wenzake mashamba aliyoyarithi, akauza vyombo vyake, akawagawia maskini, kisha akaenda jangwani. Aya ni moja na nchi ni moja. Huyu alibaki na mali yake akasafisha moyo, na yule aliondoka mikono mitupu.

Mtu aweza kusema hapa ya kuwa jambo liko wazi: fasiri iliyo nzito ndiyo ya haki, na fasiri iliyo nyepesi ni hila ya nafsi. Lakini uzito peke yake si dalili. Eusebius, mwandishi wa tarikhi ya kanisa, amesimulia ya kuwa Origen alipokuwa kijana alilichukua kwa dhahiri neno la Injili juu ya waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, akajihasi kwa mkono wake. Na Origen mwenyewe, katika sherehe aliyoiandika uzeeni juu ya Injili ya Mathayo, aliwakataa wanaolishika neno lile kwa dhahiri. Hakika hapana lililo zito kuliko hilo, wala halikuwa sawa kwa kuwa ni zito. Basi wepesi wa fasiri haubatilishi fasiri, ila ni kengele ya kumwamsha mtu airudie dalili yake mara ya pili, aone kama ndiyo dalili kweli.

Na aliyelifahamu vizuri jambo hili ni Augustine, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Aljeria, aliyekufa mwaka wa 430. Katika kitabu chake juu ya elimu ya dini ya Kikristo ameonya kwa pande mbili: lisichukuliwe neno la mfano kama kwamba ni la dhahiri, wala neno la dhahiri kama kwamba ni la mfano. Kisha akataja ugonjwa wenyewe. Watu hawaoni kuwa jambo ni ovu ila likikatazwa na desturi ya mji wao. Na maandiko yakiwaamrisha lililo kinyume cha desturi hiyo, au yakiwakataza waliyoyazoea, husema kuwa huo ni mfano tu. Yaani desturi yao imekaa mahali pa karina, nao hawana khabari.

Wala mtu asidhani kuwa elimu peke yake huondoa khitilafu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1529, katika ngome ya Marburg nchi ya Ujerumani, walikutana Martin Luther na Huldrych Zwingli. Wote wawili walikuwa wamejitenga na Papa, na wote wawili walidai kufuata maandiko. Waliafikiana katika vifungu 14 kati ya 15, wakashindwana katika neno alilolinena Nabii Isa, kwa riwaya ya Injili, aliposhika mkate akasema kuwa huo ni mwili wake. Luther aliliandika neno hilo kwa chaki juu ya meza, akasema kuwa hapana kitu katika mfuatano wa maneno kinachomlazimisha kuiacha dhahiri. Zwingli akasema kuwa maana yake ni kuashiria, kama vile Isa alivyojiita mlango na mzabibu naye si ubao wala si mti. Wakaachana pasi na kupatana. Ila khitilafu hii ni ya wanaume waliokabili swali lenyewe uso kwa uso: je, karina ipo au haipo? Kila mmoja alileta dalili yake mezani, na mwenziwe akaweza kuipima. Khitilafu ya namna hiyo haina aibu.

Aibu ni ile ya mtu kudai kuwa ameshika dhahiri, kumbe dhahiri ameitia neno lake. Katika Taurati waliyo nayo imesimuliwa khabari ya Nuhu na laana. Kwa karne nyingi, na khasa katika Marekani kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 mpaka 1865, walikuwako wahubiri walioisoma khabari hii juu ya mimbari wakasema kuwa watu weusi ni kizazi cha Hamu kilicholaaniwa, na kwa hivyo utumwa wao ni hukumu ya Mungu. Wakawashutumu waliowapinga kuwa wameyaacha maandiko. Lakini afunguaye kitabu hicho ataona kuwa aliyetajwa katika laana ni Kanaani, mwana wa Hamu. Na rangi ya ngozi haikutajwa kabisa. Watu wale hawakushika dhahiri. Walishika faida yao, wakaivisha joho la dhahiri.

Na uwongo huu haukubaki makanisani. Uliingia hata katika vitabu vya Waislamu, ukanukuliwa na waliopenda kuunukuu. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka wa 808 wa Hijra (1406 miladi), akaukataa katika Al-Muqaddima. Alieleza kuwa katika Taurati hamna kutajwa weusi katika khabari ile, na kuwa weusi ni athari ya joto la nchi. Tazama, ewe msomaji: mwanachuoni wa Kiislamu alikifanyia uadilifu kitabu kilichomo mikononi mwa watu wengine, kwa kusoma lililoandikwa na kuacha lisiloandikwa, na kwa uadilifu huo akaondoa dhulma juu ya vichwa vya watu.

Kwa haya yote hupatikana kanuni tatu. Ya kwanza, asili ya neno ni dhahiri yake, na mwenye kuiacha ndiye anayedaiwa karina. Ya pili, karina iwe katika maneno yenyewe, au katika akili iliyo ya yakini, wala isiwe katika haja ya msomaji au desturi ya mtaa wake. Ya tatu, jiwe la mizani liwe moja: kwa neno linalompa mtu na neno linalomtoza, kwa kitabu chake na kwa kitabu cha hasimu yake.

Na kanuni hii ya tatu ndiyo yenye kuvunjwa sana. Tangu Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, mijadala baina ya Waislamu na Manasara haikukatika katika pwani hii. Na hutokea mtu barazani akashika neno la Injili la kung'oa jicho la kulia likimkosesha mtu, akawacheka Manasara, akauliza mbona hawaonekani kuwa na jicho moja moja. Watu hucheka naye. Kisha mtu huyo huyo akiulizwa juu ya Mkono wa Mwenyezi Mungu uliotajwa katika Qur'ani, mara humwepusha Mola wake na viungo, na ni haki yake kumwepusha. Lakini karina aliyoitaka kwa ajili ya kitabu chake, mbona alimnyima mwenziwe? Na Manasara naye anayefanya hivyo kwa Qur'ani ni mfano wake.

Kumfanyia mtu uadilifu katika maneno yake si kuikubali itikadi yake. Mwislamu ana hoja zake juu ya Manasara, nazo zamtosha. Hahitaji kuziongezea hoja ya kughushi. Qur'ani imewaamrisha waumini ya kuwa chuki yao juu ya watu isiwapeleke kuacha uadilifu. Na amri hii haina karina ya kuitoa katika dhahiri yake, ingawa nafsi zingependa kuipata.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kupima kwa jiwe moja, na atukinge na kulipotoa neno kwa ajili ya matamanio. Wallahu aalam.